Kanuni ya Lango: Nani Huamua Maji ya Umeme na ya Migodi Yatoke Lini

  

Nimeombwa nizungumzie changamoto za maji katika sekta ya nishati na madini. Mada hiyo haitoshi jioni moja, kwa hiyo nitaibana mpaka ikae ndani ya bonde moja, la Rufiji. Tupo Iringa, ofisi ya Bodi ya Maji ya bonde hilo ipo mji huuhuu, na Ruaha Ndogo inapita hapo chini. Nitatoka nje ya bonde pale tu hoja itakaponilazimisha.

Nianze na mwezi mmoja ambao wengi wenu mnaukumbuka kwa sababu nyingine. Oktoba 2015, nchi ikiwa katika joto la uchaguzi mkuu, vituo vya umeme wa maji vilizimwa. Vyote kwa pamoja vilikuwa na uwezo wa megawati 561: Kidatu 204, Kihansi 180, Mtera 80, Pangani 68, Hale 21 na Nyumba ya Mungu 8. Siku zile vilikuwa vimeshuka hadi kutoa kama megawati 105, hata moja ya tano haifiki. Mitambo ilikuwa mizima, wahandisi walikuwa kazini, nyaya zilikuwa juu ya nguzo. Maji ndiyo hayakuwepo. Maelezo yaliyotolewa, na tunayopewa kila mara mgao unaporudi, yalikuwa mafupi: mvua haikunyesha.

Sikatai kwamba mvua haikunyesha. Ninachokataa ni kuifanya hiyo iwe habari yote. Kati ya wingu na balbu kuna maamuzi mengi ya watu, na uamuzi mkubwa kuliko yote ni wa kufungua lango la bwawa: lini, kiasi gani, kwa kanuni ipi, na kwa ridhaa ya nani. Hoja yangu usiku huu ni hiyo moja. Tumetunga sheria nzuri za kumwongoza mkulima mwenye mfereji wake, lakini mtumiaji mkubwa kuliko wote tumemwachia aendeshe lango lake kwa kanuni ambayo umma hauioni.

Kwanza tukubaliane maji hufanya nini. Mita moja ya ujazo, yaani lita elfu moja, ikiporomoka pale Kidatu ambako anguko ni kama mita 170, hufua umeme usiofika nusu uniti. Kama uniti 0.4, ukitoa upotevu wa mitambo. Maji hayohayo yameshapita Mtera, ambako yalifua kama robo uniti. Kwa upande mwingine, kilo moja ya mpunga huhitaji maji yanayoweza kufika mita za ujazo mbili na nusu. Kwa hiyo mkulima wa Mbarali anapovuna kilo moja ya mpunga ametumia maji ambayo, kama yote yangepita Mtera na Kidatu, yangetoa takriban uniti moja na nusu. Kilo moja kwa uniti moja na nusu. Sisemi kipi bora, maana hata mimi nakula wali na nasoma kwa taa. Nawapa kipimo hicho ili tukisikia mtu anasema wakulima wanakula umeme wetu, tujue anazungumzia kiasi gani.

Sasa twende Mtera. Bwawa lile, lililo mpakani mwa Iringa na Dodoma, lilijengwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 kama ghala la Kidatu. Kituo chake chenyewe cha kufulia umeme kilikuja baadaye, mwaka 1988. Kidatu ina bwawa dogo. Yenyewe hutegemea Mtera iiachie maji kiangazi. Mtera likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kikomo cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Umeme wa nusu ya nchi kwa miaka mingi ulikaa katika hizo mita nane na nusu. Kikomo hicho kimewahi kuvukwa.

Mtera ni bwawa pana na lisilo na kina, nalo lipo kwenye ukanda mkavu wenye upepo. Likijaa hutandaa kilomita za mraba zipatazo 660. Jua la pale hunyonya karibu mita mbili za maji kwa mwaka. Zidisheni: bwawa likiwa limejaa, zaidi ya mita za ujazo bilioni moja hupaa hewani kila mwaka, kabla hujatoa mvua kidogo inayolinyeshea lenyewe. Hakuna mfugaji wala mkulima wa bonde hili anayekunywa kiasi hicho peke yake, na jua halijawahi kupelekwa mahakamani.

Wafugaji walihamishwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mto ambao wazee walikuwa wameuzoea ukitiririka mwaka mzima. Viboko walibaki kwenye madimbwi ya matope. Kidole kilinyooshwa juu, Usangu: kwenye mabanio ya mpunga ya Mbarali, Kapunga na Madibira, na kwenye ng'ombe waliokuwa ndani ya ardhioevu ya Ihefu. Mwaka 2006 mgao wa umeme ulikuwa mkali, viwanda vilisimama, na papo hapo zikafanyika mbio za kutafuta umeme wa dharura zilizozaa sakata la Richmond na kumfanya Waziri Mkuu ajiuzulu Februari 2008. Katika kipindi hichohicho wafugaji wa Kisukuma, Kimang'ati na Kimaasai waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, wengi wakaelekezwa Lindi na Kilwa, na mwaka 2008 hifadhi ikapanuliwa ikaimeza Ihefu. Huku milimani, wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wakaambiwa waache kuzilima.

Je, Mtera ilikauka kwa sababu yao? Hapa ndipo watafiti wetu walipofanya kazi ambayo haikusomwa vya kutosha. Kukauka kwa mto kiangazi ni msiba wa hifadhi, wa samaki, wa viboko na wa vijiji vya kando. Hilo ni kweli tupu, na mabanio yana sehemu kubwa katika msiba huo. Lakini Mtera haijazwi kiangazi. Hujazwa na mafuriko ya kuanzia Januari hadi Mei, wakati mto ukiwa umevimba na mabanio yakichukua sehemu tu ya kinachopita. Yale maji ya Septemba yanayokosekana hifadhini ni machache mno yakilinganishwa na ghala la bwawa la mwaka mzima. Matatizo mawili tofauti, ya mahali tofauti na ya miezi tofauti, yalifungwa kwenye mzigo mmoja na kutwishwa watu walewale.

Na waliochunguza uendeshaji wa Mtera na Kidatu katika mgogoro wa umeme wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta jambo la kutia aibu. Kati ya mabwawa hayo mawili huingia Lukosi na Yovi, mito isiyopitia Mtera. Wakati wa masika Kidatu inaweza kuzungusha mitambo yake kwa sehemu kubwa kwa maji ya mito hiyo, huku lango la Mtera likibanwa ili ghala lijae. Hilo ndilo kusudi la kuwa na ghala. Kumbe kuna vipindi ambapo Mtera iliachia maji wakati Kidatu ikimwaga ya ziada kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji nje ya mitambo. Maji yaliyopaswa kulala Mtera hadi Novemba yalipita Kidatu bila kugusa mtambo, yakashuka kwenda baharini. Kwa hesabu zao, lau mabwawa yangeendeshwa kwa kanuni iliyopangwa, upungufu ule ungeepukika.

Naomba msinielewe kwamba nawasema vibaya waendeshaji. Mwendeshaji aliye Kidatu usiku wa manane anapigiwa simu na kituo cha gridi: ongeza megawati. Anaongeza. Simu hiyo haimuulizi Novemba itakuwaje. Anayepaswa kuiuliza Novemba ni kanuni iliyoandikwa kabla, yenye mwezi na kina: kina kikiwa hapa mwezi huu, mwisho wa kuachia ni hapa. Bila karatasi hiyo, shida ya leo hushinda shida ya kesho kila siku, mpaka kesho ifike.

Tulinganishe na upande wa pili. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, mtu akitaka kuchepusha maji ya mto kwa kilimo lazima awe na kibali cha kutumia maji. Hulipia. Kibali chake kinaandikwa lita kwa sekunde. Kiangazi kikifika, ofisa wa maji huenda kwenye banio, hushusha lango lake na kulifunga kwa kufuli. Akikutwa amelivunja, atatozwa faini. Mimi sioni ubaya. Mto hauwezi kuwa wa anayeamka mapema. Ila nauliza: kufuli la Mtera linashikwa na nani? Kisheria TANESCO, shirika la umeme la taifa, nayo ina kibali. Kiutendaji, ofisi ya bonde yenye magari machache na mafuta ya kupimiwa inamsimamia mtumiaji ambaye akikohoa, Baraza la Mawaziri linaamka. Msimamiwa amemzidi msimamizi kimo.

Hapa lazima nitoke nje ya bonde. Kariba, kwenye Zambezi, ni bwawa la nchi mbili, na kwa sababu hiyo hakuna upande uliokubali kumwamini mwenzake kwa maneno. Mamlaka ya Mto Zambezi, iliyoanzishwa kwa sheria za nchi zote mbili mwaka 1987, kila mwaka hutangaza kiasi cha maji ambacho kila shirika la umeme linaruhusiwa kupitisha. Mwaka 2024, kwa sababu ya ukame, walitangaza mita za ujazo bilioni 16, nane za Zambia na nane za Zimbabwe. Tarakimu hiyo ilikuwa magazetini. Mwenye duka Lusaka aliijua. Novemba 2022 upande wa Zimbabwe ulikuwa umemaliza fungu lake huku ghala la matumizi likibaki na asilimia 4.6 tu. Mamlaka iliandika barua kutaka kituo cha kusini kisimamishe kufua umeme mpaka Januari. Ilikuwa barua chungu, yakafuata majadiliano na kelele nyingi, lakini hebu fikirieni: chombo cha maji kinaiambia kampuni ya umeme simama, na kelele zinatokea hadharani, kwa tarakimu ambazo kila mtu anazo mkononi.

Kanuni haileti mvua. Mwaka 2024 Wazambia walikaa gizani saa nyingi kwa siku licha ya mamlaka yao na tarakimu zake. Faida ya kanuni ni ndogo kuliko hiyo na ya kudumu kuliko hiyo: mwaka mbaya ukifika, unajua mapema, na huhitaji kumtafuta wa kumfukuza.

Rudini nami Rufiji, maana sasa mambo yamekuwa makubwa. Mradi wa Julius Nyerere, pale palipoitwa Stiegler's Gorge, umekamilika mwaka 2025. Mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Ujazaji wa bwawa ulianza Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024. Tulipokuwa tunajiepusha na umeme wa maji kwa kujenga bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam, tulikuwa tumejifunza jambo fulani kutoka Mtera. Sasa tumerudi kwenye maji kwa zaidi ya nusu ya uwezo wa gridi, na karibu maji hayo yote ni ya bonde moja. Kidatu, Mtera, Kihansi na Nyerere: megawati 2,579 zikiangalia mawingu yaleyale. Sina ugomvi na bwawa lenyewe, kwani limeshajengwa, na mwezi Machi 2024 tulikuwa na umeme wa ziada kiasi cha kuzima vituo vitano vya maji. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba wingi huo umetuondolea haja ya kanuni.

Maji ya Nyerere yanatoka wapi? Vipimo vya muda mrefu vinaonyesha Kilombero ndiyo mama: huleta kama asilimia 62 ya maji ya Rufiji. Luwegu huleta asilimia 18. Ruaha Mkuu, ambao tumeugombania miaka thelathini, ambao eneo lake ni karibu nusu ya bonde zima, huleta asilimia 15 tu. Kwa hiyo kidole kitakachonyooshwa mwaka wa ukame ujao kitanyooshwa Kilombero: kwenye miwa, kwenye mpunga wa Ifakara na Mlimba, kwenye wafugaji waliohamia kule, wengine wao walewale waliotoka Usangu. Nasema mapema ili siku hiyo ikifika mtu aulize kwanza kina cha bwawa kilikuwa ngapi mwezi wa Mei, na nani aliamua kuachia nini kati ya Mei na Oktoba.

Jambo jingine la vipimo. Takwimu za mtiririko wa pale Stiegler's Gorge zilianza kuchukuliwa miaka ya 1950 na kukatika miaka ya 1980. Bwawa lenye uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 limekalia kumbukumbu ya miaka thelathini hivi, ya hali ya hewa ya babu zetu. Vituo vya kupimia maji ni vitu duni kwa macho: nguzo yenye namba, kibanda, msomaji wa kijijini anayelipwa kidogo na mara nyingine kwa kuchelewa. Vikifa havipigi kelele. Kwa bei ya vipuri vya mtambo mmoja, ungeweza kuviendesha vya bonde zima kwa miaka mingi, kuanzia Msembe ndani ya hifadhi hadi Swero kwenye Kilombero. Lakini nani aliwahi kukata utepe wa kituo cha kupimia maji?

Sasa upande wa chini ya bwawa, ambako mimi nadhani mtihani wenyewe upo. Warufiji wana kilimo cha mlao. Mto ukifurika masika, huacha tope lenye rutuba. Maji yakirudi mtoni, watu hupanda mahindi na kunde kwenye unyevu ule bila kusubiri mvua, na kuvuna wakati vijiji vya juu vinahesabu debe la mwisho. Mafuriko hayohayo hujaza maziwa ya kando ya mto, Mtanza, Zumbi, Ruwe, na kuyapelekea samaki. Yakifika delta, husukuma chumvi nje na kulisha mikoko ambayo ndiyo mipana kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki, na chini ya mikoko hukulia kamba wanaovuliwa na kuuzwa nje. Watu wa mji wa Pangani wanaweza kuwaeleza maji ya chumvi yanavyopanda mtoni baada ya mto kubanwa huko juu. Minazi ya kando inakufa imesimama.

Aprili 2024 mafuriko yaliwakumba watu wa Rufiji na Kibiti. Nyumba zilizama, shule zilifungwa, mashamba yalikwenda. Wananchi wengi walisema ni bwawa. Serikali ilieleza kwamba bwawa lilipunguza makali, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Kihaidrolojia maelezo ya serikali yanawezekana kabisa: bwawa hukata kilele cha furiko. Ila mtu wa Muhoro aliye juu ya paa hawezi kuyapima maelezo hayo, kwa sababu hakuwa na tarakimu ya jana wala ya juzi. Hakuambiwa tarehe fulani yameingia kiasi hiki na yametoka kiasi hiki. Angekuwa anasikia kina na maji yanayoachiwa kila asubuhi kwenye redio, baada ya habari na kabla ya taarabu, mjadala ungekuwa mwingine. Imani haipatikani siku ya maafa.

Mnisamehe nikipita Kihansi haraka, ingawa ningeweza kulala nayo. Pale maji yalichepushwa kutoka kwenye maporomoko kwenda mitamboni, na chura mdogo wa rangi ya dhahabu aliyeishi kwenye rasharasha za maporomoko yale tu, duniani kote, akakosa rasharasha. Aligunduliwa 1996, kituo kikaanza kufua umeme kuelekea mwaka 2000, na kufika 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, ugonjwa wa ukungu ukiwa umemmalizia. Walionusurika walikuwa wamepelekwa Marekani, wakazalishwa huko, na Desemba 2012 baadhi walirudishwa. Wabunge na wananchi walicheka sana: fedha zote hizo kwa vyura! Mimi nilicheka pia. Lakini angalieni kilichobaki baada ya kicheko. Kwa ajili ya chura, ilibidi kuandikwe maji kiasi gani yaachwe mtoni. Chura alipata kilichowashinda wakulima wa mlao.

Nimesema nitagusa migodi. Mgodi una tatizo la maji lililogeuzwa kichwa chini. Kituo cha umeme huogopa maji kukosekana, na mgodi, katika sehemu zenye mvua, huogopa maji kuzidi. Shimo likichimbwa chini ya kina cha maji ya ardhini, maji huingia na lazima yapampiwe nje bila kukoma. Mwamba wenye salfaidi ukipata hewa na maji huzaa tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizolala humo. Maji ya kuchenjulia dhahabu yana sayanidi. Yote hayo huishia kwenye bwawa la topesumu, na mvua ya Mungu hunyesha juu yake kama inavyonyesha juu ya shamba la mahindi. Kila masika, menejimenti ya mgodi ina uamuzi wa lango: kuzuia, kusafisha na kuachia, au kusubiri na kuomba ukuta ushike.

Wilayani Tarime, kwenye mgodi wa North Mara, mwaka 2009 maji yenye tindikali yaliingia mto Tigithe, na Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi kutoka bwawa lake la topesumu. Mwaka 2022 maji ya mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilichunguza, ikasema chanzo ni mabaki ya mimea pamoja na kinyesi na mikojo ya mifugo. Nchi nzima ilifanya utani. Mimi si mkemia wa kamati ile na sitaihukumu hapa, tena mto kupungukiwa hewa kwa sababu ya mboji ni jambo linalojulikana. Nataka muone tu kwamba jibu hilo, liwe sahihi au la, halikuwa na pa kutua. Watu walioishi miaka kumi na mitatu bila ubao wa vipimo kijijini hawawezi kupokea kipimo kimoja kilichokuja na msafara wa magari.

Na wanaodhani haya ni ya kwetu peke yetu wajue kwamba Februari 2025 ukuta wa bwawa la mabaki ya shaba ulipasuka karibu na Kitwe, Zambia, tindikali ikaingia mto Kafue, na mji mzima ukakatiwa maji ya bomba. Kabla ya hapo, huku kwetu, Novemba 2022, bwawa la matope la mgodi wa Mwadui nalo lilikuwa limepasuka na kufunika mashamba ya watu wa Kishapu.

Nataka nini, basi? Nataka kanuni ya kuendeshea Mtera, Kidatu na Nyerere ichapishwe katika Gazeti la Serikali kwa Kiswahili, mwezi kwa mwezi, kina kwa kina, na isibadilishwe kwa simu. Kama kuna dharura, ibadilishwe, lakini kwa saini na tarehe, na Bodi ya Maji ikiwa imesaini upande wa pili. Nataka mgodi wenye kibali cha kutiririsha majitaka ubandike vipimo vyake kwenye ofisi ya kijiji, vipimwe na maabara isiyolipwa na mgodi moja kwa moja, hata wiki ambazo vipimo ni vizuri. Hasa wiki hizo.

Na kwa Rufiji ya chini nina pendekezo moja ambalo wahandisi mliopo mnaweza kulikosoa sasa hivi. Kwa hesabu yangu ya mkono, mitambo yote tisa ya Nyerere ikizunguka kwa nguvu zote hupitisha takriban mita za ujazo 2,000 kwa sekunde. Hiyo ni hatua kubwa kuelekea furiko dogo la mlao, na kama gridi ingeumeza umeme wote, isingehitaji kumwaga hata tone nje ya mitambo. Siku kumi za namna hiyo zingetumia mita za ujazo kama bilioni 1.7. Zikipangwa Aprili, wakati bwawa limejaa na mito ya chini ya bwawa inaongezea yake, TANESCO haitapoteza uniti nyingi. Itapoteza uhuru wa kuchagua siku, na itabidi Mtera na Kihansi zipumzike siku hizo ili gridi ipokee mzigo wote kutoka sehemu moja, jambo ambalo kwa Mtera ni heri, maana ndiyo miezi yake ya kujaa. Usiku gridi haitaweza kuumeza umeme wote huo, hivyo sehemu ya maji itapita kwenye utoro, na hasara hiyo inaweza kuhesabiwa kwa shilingi na kuwekwa mezani. Mezani pawe na mtu wa Utete anayelima mlao na mvuvi wa kamba wa Nyamisati, wakiwa na nakala ileile ya tarakimu aliyo nayo mhandisi, na wajibiwe wakiuliza kwa nini siku kumi na si kumi na tano.